Kamera na gundi: huduma niliyopata Kisumu nikiwa mjamzito

Hospitali yenyewe siitaji, bado tunavutana kuhusu bili. Ila kitengo chao cha kamera ya tumbo, ule mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni, nakisifu bila kubania.

Nilianza kutapika damu mimba ikiwa ya miezi sita. Kliniki ya kwanza wakasema ni vidonda vya tumbo, wakanipa dawa ya asidi. Kisumu hawakubahatisha: dripu ya kupunguza presha kwenye mishipa ya tumbo, antibayotiki, kisha damu. Mume wangu aliwaka alipoona wameacha kuniongeza damu hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ilipofika 8 tu. Daktari akamweleza kwamba wakinijaza kupita kiasi, presha ile inapanda na mshipa unapasuka tena. Akaelewa, ingawa alinuna hadi jioni.

Chanzo kilikuwa kichocho. Sisi wa Mbita, kando ya Ziwa Victoria, tumeoga ziwani tangu utotoni, na minyoo ya kichocho huingia mwilini kupitia maji hayo. Mayai ya minyoo hukwama kwenye ini na kuacha makovu, damu ikikosa njia inajipenyeza kwenye mishipa ya tumbo na kuivimbisha. Mimba nayo huongeza damu mwilini karibu nusu, kwa hiyo presha kwenye mishipa hiyo inazidi.

Mishipa yangu ilikuwa sehemu ya juu ya tumbo, minene mno kufungwa kwa vipira kama ile ya koo la chakula. Wakaidunga gundi, ndugu yake supaglu, ambayo huganda papo hapo ikigusa damu. Nililazwa ubavu wa kushoto, nikafunikwa macho isije ikanirukia, na mkunga akasikiliza moyo wa mtoto kabla na baada. Nesi hakuniachia mkono: "Mama, pumulia pua."

Lakini hasa nawapa heko kwa hili: daktari wa kamera na yule wa kina mama walikuja kitandani kwangu pamoja. Wakapanga: nimeze propranolol, dawa ya kushusha presha ya mishipa hiyo, kila siku, mtoto apimwe ukuaji kwa skani, na siku ya kujifungua nisisukume muda mrefu. Ikawa hivyo, binti yetu alivutwa kwa vakyumu, kikombe kinachonata kichwani mwa mtoto.

Sasa malalamiko. Makadirio ya gharama hayakutaja gundi hata mara moja, tukaikuta kwenye bili. Na uji wa wodini ni maji ya mto.

Ukipewa rufaa ya kwenda kokote kwa shida hii, kabla ambulensi haijaondoka piga simu uulize kama gundi ipo stoo na kama daktari wa kamera yuko zamu wikendi.