Helsinki hadi Lisbon moja kwa moja: lipieni tu

Mlioko Ufini mnaopiga hesabu ya kwenda Ureno, msihangaike na tiketi za kuunganisha Frankfurt au Amsterdam ili kuokoa euro chache. Chukueni ya moja kwa moja, hasa kama mna mzee. Mimi husafiri na mama, miguu yake huvimba akikaa sana, na kukimbizana na mageti katikati ya safari hawezi.

Tiketi ndiyo inayowachanganya wengi. Imeandikwa mnaondoka Helsinki saa mbili asubuhi, mnatua Lisbon saa tano kasoro dakika kumi, basi mtu anaona ni saa tatu tu. Sivyo. Lisbon iko nyuma kwa saa mbili mwaka mzima, kwa hiyo angani mtakaa karibu saa tano. Wakati wa kurudi inageuka: kwenye karatasi inaonekana saa sita na zaidi, kumbe ni nne na nusu hivi, na upepo wa juu unaovuma kutoka magharibi mara nyingi huisukuma ndege mbele. Umbali wenyewe ni kama kilomita 3,360 kwa mstari wa angani. Nairobi hadi Johannesburg haifiki hapo, na bado mko ndani ya Ulaya.

Ndege ni zile za njia moja katikati, viti vitatu kila upande. Mama namkatia kiti cha njiani, anyooke na kutembea anapotaka. Mimi nakaa dirishani kwa ajili ya kutua. Uwanja wa Lisbon umemezwa na mji: ndege ikiingilia upande wa mto Tejo inapita juu ya mapaa ya vigae vyekundu, chini kabisa, hadi nguo zilizoanikwa kwenye roshani unaziona. Raha tupu. Ukitoka, metro iko hapo hapo uwanjani.

Foleni ya pasipoti hakuna, kwani nchi zote mbili zimo Schengen, lakini pasipoti na kadi ya ukaazi msiziache nyumbani. Na hili lishikeni: mkichelewa kufika kwa saa tatu au zaidi kwa kosa la shirika, kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inampa kila abiria fidia ya euro 400, maana safari inazidi kilomita 1,500. Daini.

Natoa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya chakula. Saa tano angani, halafu chochote cha kushibisha mpaka utoe kadi ya benki! Shirika sitalitaja, ila mzee wa miaka sabini angepewa japo supu ya moto. Sisi sasa tunabeba chapati na mayai ya kuchemsha, na ukaguzi wa mizigo haujawahi kutuzuia.