TAHADHARI: Jihadharini na muuza amplifaya za tyubu anayejifanya fundi

Wakuu, nina hasira mpaka nashindwa kuandika vizuri. Ile amplifaya ya gitaa ya wati 50 niliyowatambia juzijuzi, ya tyubu (vile vioo visivyo na hewa ndani, vinavyokuza sauti), ni mkweche, na aliyeniuzia alilijua hilo kabla sijafika mlangoni kwake.



Nilipofika nikaikuta imeshawashwa. "Nimekuwashia mapema ndugu yangu, tyubu lazima zipate moto kwanza." Na ni kweli lazima zipate moto! Ningeshtukia nini hapo? Akachomeka gitaa lake, sauti chini, akaporomosha bluzi tamu ajabu. Akanipa na mimi nipige. Sijamaliza hata duru moja, mkono wake huo kwenye swichi: "Tusiichoshe, ina safari." Kisha akachukua kitambaa akaifuta taratibu, kona kwa kona, kama mama anayemwogesha mtoto mchanga. Akanipa na EL34 mbili za akiba, zile tyubu kubwa zinazosukuma spika, "mpya", kwenye maboksi yaliyofungwa kwa gundi. Bayasi, zile volti hasi zinazodhibiti umeme wa tyubu, anaijua; ECC83, zile tyubu ndogo za mwanzo, anakueleza ipi inafanya kazi gani. Mbabaishaji unamjua akifungua tu mdomo, lakini huyu kazi anaijua kweli. Hapo ndipo aliponipatia.

Nyumbani nikaifungulia sauti. Wimbo mmoja ukapita salama, wa pili ukaanza kuingiliwa na mvumo mzito, sauti ikasinyaa, halafu harufu ya kuungua. Nikachungulia nyuma. Ule mwanga wa rangi ya chungwa katikati ya tyubu ni wa kawaida, sote tunaujua. Hii ilikuwa kile kibati cha kijivu chenyewe kilichomo ndani ya kioo, kimeiva chekundu, tena kwenye tyubu moja tu. Nikazima mbio.

Fundi wangu alipochomoa fyuzi akaniita nione mwenyewe. Imekatika zamani, na imeviringishwa karatasi ya alumini ili umeme upite! Kilichoanza ni kapasita moja ndogo, rahisi kabisa, inayopeleka mawimbi ya sauti kwenye ile tyubu. Ilikuwa inavujisha umeme wa DC mpaka volti hasi za bayasi zikamezwa, na tyubu ikapitisha umeme bila breki. Fyuzi nzima ingekatika, yakaishia hapo. Kwa ile alumini, transfoma ya kutokea, ile inayopeleka sauti kwenye spika, nayo imeungua, na hiyo ndiyo inayouma mfukoni. Zile tyubu "mpya"? Moja ule utando wake wa fedha umegeuka mweupe pepepe, maana yake hewa imeshaingia. Maiti ndani ya boksi!

Nikampigia. Akaniambia eti nimeiwasha bila kuunganisha spika. Mwongo mkubwa! Alijua kosa hilo kweli huunguza transfoma, kwa hiyo asiyejua angenyamaza na kujilaumu. Nilipomtajia ile alumini akakata simu, na hadi leo namba yangu ameifunga.

Mtu huyu arudishe hela yangu yote, afungiwe kila mahali anapouzia, na polisi wamhoji. Karatasi ya alumini kwenye fyuzi ingeweza kuchoma nyumba na watu ndani! Asionewe huruma hata kidogo, na msiniambie habari za kusuluhishana.

Mnaotafuta amplifaya: mkiikuta ina moto, zimeni, ipoe, muiwashe wenyewe. Pigeni kwa sauti kubwa, nusu saa hivi, jicho likiwa nyuma kwenye tyubu. Fyuzi aitoe mbele yenu, ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Ndani msiguse, hata ikishachomolewa kapasita kubwa zinaweza kubaki na volti zaidi ya 400. Akikuharakisha, ondoka.

Leo asubuhi ameweka tangazo jingine, la wati 100, "haina kasoro". Picha zote kapiga kwa mbele.