Paipu ya shaba ya Leyland la baba: yaliyonikuta gereji ya Tabata

Nilisema ningoje hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Nina basi la Leyland, zile Albion za zamani, aliloniachia marehemu baba. Mzee alikuwa dereva tangu enzi za DMT, ile kampuni ya mabasi ya Dar, na ilipogawanywa 1974 akaendelea UDA, shirika lililobaki na mabasi ya mjini. Hili alikuja kulinunua mwenyewe likiwa limechoka, akalifufua uani kwetu, mimi nikimshikia tochi chini ya chasisi. Siku hizi linakodiwa kwa harusi. Watu wanapenda sura yake, wanapenda na ule mlio wa upepo dereva akiachia breki.

Wenye magari ya breki za upepo wanajua: kila asubuhi lazima uiname, ufungue koki za matangi, maji yatoke. Kompresa inavuta hewa ya hapa hapa Dar, hewa ya pwani iliyojaa unyevu, inaikandamiza, na ule unyevu unageuka maji tangini. Usipoyamwaga, tangi linaoza kwa ndani na valvu zinakwama. Yakitoka maji matupu, shukuru. Mimi yalianza kutoka mazito, rangi ya chai ya maziwa, maana yake ringi za kompresa zimelika na oili ya injini inapita kwenda kwenye upepo. Raba za breki na oili hazipatani kabisa. Ndiyo nikaelekezwa gereji moja pande za Tabata.

Nianze na haki yao, kwa sababu ipo. Pale kuna fundi mzee, wote wanamwita babu. Nilimwamkia, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye kompresa, akapangusa kibati kwa kidole mpaka jina la watengenezaji, Clayton Dewandre, likasomeka, akatabasamu. Akaifungua hapo hapo mbele yangu. Visahani vya valvu alivisaga kwa pesti juu ya kipande cha kioo, taratibu, akivizungusha, anakinyanyua kimoja anakitazama kwenye mwanga, anakirudisha. Ringi alipata, sijui alikozitoa, zikakaa kama zimezaliwa humo. Kazi ile ningeilipia mara mbili bila kinyongo. Siku ile ningeandika, mngesoma sifa tupu.

Tatizo ni mwenye gereji. Kijana, simu mbili mkononi, tangu nafika haongei na mimi. Anaongea na dereva wangu. Gari ni langu, hela natoa mimi, swali nauliza mimi, jibu linaenda kwa dereva! Nikamwambia kuwa paipu ya kutoka kompresa kwenda tangini ni ya shaba, ni ya kiwandani, na nati zake ni za inchi, asije akazilazimisha kwa spana za milimita. Akamgeukia dereva: "Braza, mwambie mama haya mambo ya upepo atuachie sisi." Wakacheka, yeye na vijana wake. Babu hakucheka.

Nikanyamaza kwa heshima ya babu. Nikaenda Buguruni kwa shughuli zangu, niliporudi jioni gari liko tayari, linawaka, saa ya upepo inapanda vizuri, mshale unavuka mia bila kusuasua. Kulikuwa na giza chini ya injini. Tukaondoka.

Haikupita muda mrefu tukapata kazi ya kuwatoa watu wa harusi Mbezi kuwapeleka ukumbini Sinza. Gari limejaa akina mama na vijora vyao, vigelegele mpaka dirishani. Tunashuka Kimara kuja Ubungo, nikasikia mlipuko mkavu mbele, kisha kelele ya hewa inatoka mfululizo. Nikatazama saa. Mshale haupandi tena. Dereva akikanyaga breki unashuka, akikanyaga tena unashuka tena. Basi langu halina zile breki za spring zinazokaba zenyewe upepo ukiisha. Upepo ukiisha, umebaki na breki ya mkono na Mungu.

Kilichotuokoa ni valvu ndogo tangini inayozuia upepo usirudi ulikotoka. Ile ni ya kiwandani, baba hakukubali ibadilishwe, na ilishika. Nikamwambia dereva asipampu, akanyage mara moja ashikilie, arudishe gia za chini, avute mkono. Tukasimama kando, utingo akaruka na jiwe akaliweka kwenye tairi. Wale akina mama hawakujua lolote, waliendelea kuimba. Miguu yangu ilikuwa haina nguvu.

Nikaingia chini na tochi. Paipu ya shaba haipo. Wameweka ya plastiki nyeusi, imelainika, imepasuka ubavuni, na kwenye tangi wamelazimisha nati ya milimita juu ya thredi ya inchi, wakazungushia tepu nyeupe ya fundi bomba!

Niliporudi Tabata yule kijana ananiambia, safari hii mimi mwenyewe, "Mama, mbona magari yote ya kisasa yana plastiki?" Ndiyo, yana plastiki, huko mbele hewa ikishapoa. Kipande kinachotoka kichwani mwa kompresa kinapitisha hewa ya moto kuliko maji yanayochemka. Hapo panatakiwa chuma au shaba, na mtu anayejiita fundi upepo hawezi kusema hajui. Nikadai paipu yangu. "Ilishaenda na vijana wa vyuma chakavu." Shaba inalipa kwenye mzani, sote tunajua. Paipu aliyoihifadhi baba miaka yote ile, yenye msokoto wake ule wa kupunguza mtikisiko, imeuzwa kwa kilo.

Nimetengenezewa nyingine mtaani Gerezani, hapa hapa Dar. Fundi aliijaza mchanga mkavu, akaipasha moto, akaikunja bila kuibonyeza hata pembe moja, na nati zikakerezwa upya kwa shaba nyeupe, za inchi. Nikapaka povu la sabuni kila kiungo, hakuna hata kiputo kimoja. Inafanya kazi. Lakini si ile.

Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota tatu kwa ajili ya babu, maana kompresa yake mpaka leo inapiga kazi na maji yanatoka meupe. Kisha nikaandika hapo juu kuhusu ule mteremko wa Kimara na akina mama wanaimba, na mkono umekataa. Nyota moja, na hiyo ni ya babu peke yake. Ukiwa na kompresa iliyochoka, mtafute yeye, simama pembeni yake mpaka afunge nati ya mwisho, na kila spea ya zamani inayotoka itie kwenye mfuko wako kabla hujalipa. Yule kijana hajanirudishia hela wala hajaniomba radhi, na nikimpigia simu anampa dereva wangu majibu.