Ufukwe wa Jakobsen, Kigoma: nusu siku ya maji kabla ya meli au treni

Anayeshuka Kigoma akiwa na nusu siku mkononi kabla ya safari inayofuata, tunampeleka Jakobsen. Wengine huuita Mwamahunga. Ni vighuba viwili vidogo vya mchanga chini ya mlima wenye miti, takriban kilomita 5 kusini-magharibi ya mji, pembeni ya barabara ya kwenda Katonga, kijiji cha wavuvi. Ni eneo la mtu binafsi: unalipa kiingilio getini, kuna vibanda vya kujikinga na jua, na siku za kazi panakuwa na watu wachache kiasi kwamba unaweza kuwa na kighuba kizima peke yako. Uzuri wake ni wa kweli. Lakini ni ufukwe wa kujitegemea: ukienda mikono mitupu na bila kupiga hesabu ya muda, utarudi umeungua, una njaa, na meli imeshaondoka.

Basi tuanze na saa. Kigoma ina jambo ambalo wageni wa ziwani hulikosea: Tanzania iko saa moja mbele ya majirani wote watatu wanaochangia Ziwa Tanganyika. Inapokuwa saa nne asubuhi Kigoma, Bujumbura (Burundi) ni saa tatu, Kalemie (Kongo) ni saa tatu, Mpulungu (Zambia) nako ni saa tatu. Ukitoka bandari yoyote ya huko, sogeza saa ya mkononi mbele na uhakikishe simu nayo imebadilika. Kosa la pili ni la tiketi. Tiketi ikiandika 16:00, ni saa kumi jioni. Ikiandika 10:00, ni saa nne asubuhi. Wapo wanaosoma 10:00 wakafika saa kumi jioni wakiwa wametulia kabisa.

Hesabu ipigwe kwa kurudi nyuma. Chukua chombo cha saa kumi jioni. Uwe bandarini au stesheni saa nane mchana, kwa sababu kupanga mizigo na kukaguliwa kunakula muda. Ili ufike saa nane, uage ufukwe saa saba kamili: kuna mwendo wa kupanda hadi barabarani, kuna kusubiri daladala, kuna safari yenyewe, na kuna kupitia begi ulikoliacha. Ukitoka mjini saa mbili asubuhi, saa tatu uko majini. Hapo umepata saa nne za kuogelea, nazo zinatosha. Ikiwa muda wako wote, tangu kushuka hadi kupanda, haufiki saa tano, achana na Jakobsen. Kaa kwenye mojawapo ya hoteli za mjini zinazotazama ziwa, kunywa chai, tazama milima ya Kongo ng'ambo. Chombo chako kikitangazwa kuchelewa, usiongeze muda wa ufukweni mpaka umepata saa mpya kutoka kwa mkata tiketi mwenyewe, maana kilichochelewa kufika kinaweza kugeuza haraka na kuondoka.

Kwenda kuna njia mbili za maana. Daladala ya Katonga ndiyo rahisi mfukoni: mwambie kondakta akushushe njia panda ya Jakobsen, kisha fuata kibao kwa miguu, kama dakika ishirini. Kwenda ni mteremko. Kurudi ni mlima, na saa hiyo jua linakuwa utosini. Bodaboda au bajaji inakufikisha karibu zaidi, ila patana bei ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, na ulipe nusu ya pili akishakurudisha. Chukua namba ya dereva na umpigie mbele yake, simu iite, ndipo aondoke. Ufukweni hakuna kijiwe cha boda, na ukikosa namba utapanda mlima na begi mgongoni. Begi kubwa usilibebe kabisa. Liache nyumba ya wageni uliyolala, au omba walinde kwa malipo kidogo.

Jua la Kigoma nalo lina saa yake. Mji uko magharibi sana ya nchi lakini unatumia saa ileile ya Dar es Salaam, hivyo jua linachomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni. Utosini halifiki saa sita mchana. Linafika saa saba. Kwa hiyo saa kali ni kuanzia saa tano hadi saa tisa, na anayejiambia saa nane kwamba jua limeshapoa anajidanganya. Losheni ya kukinga jua iwe ya SPF 30 au zaidi, upake kama mililita 30 kwa mwili wa mtu mzima, na urudie kila baada ya saa mbili na kila ukitoka majini. Watu hupaka nusu ya kiasi hicho, ndiyo maana wanalalamika kwamba losheni haifanyi kazi. Ngozi nyeusi pia inaungua, hasa mgongo na nyuma ya magoti kwa anayeelea kifudifudi akitazama samaki. Fulana ya mikono mirefu majini inashinda losheni yoyote. Mwenye ualbino aogelee asubuhi, saa tano ikifika awe kibandani, akiwa na kofia pana na nguo ndefu, si losheni peke yake.

Sasa maji, na hapa ndipo Jakobsen inapopata alama zake. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya Baikal, na maji yake ni maangavu hadi unahesabu mawe ya chini ukiwa juu. Hakuna kupwa wala kujaa, kwa hiyo hupangi safari kwa kuangalia bamvua kama Tanga au Bagamoyo. Unachoangalia ni upepo. Asubuhi ziwa kwa kawaida limetulia. Mchana upepo unaamka, na katika kiangazi, Mei hadi Septemba, kusi linaweza kuleta mawimbi ya kweli. Waliozoea bahari wajue jambo moja zaidi: maji haya hayana chumvi, hivyo hayakubebi kama ya baharini. Ukijilaza chali kama ulivyozoea Pwani, miguu inazama mapema. Mchanga nao haushuki polepole. Ukiuacha ukingo, chini kunateremka upesi. Watoto wavae maboya na mtu mzima awe ndani ya maji pamoja nao, si kibandani na simu. Panga kana kwamba hakuna mwokoaji.

Usiishie kwenye mchanga. Samaki wako kwenye mawe, kingo mbili za kila kighuba. Ziwa hili lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sato, na walio wengi hawapatikani popote pengine duniani; wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya na Marekani wanalijua jina la Kigoma kwa sababu hiyo tu. Kwenye kina cha mita moja hadi tatu utaona vikundi vya samaki wa urefu wa kidole hadi kiganja wakiparua ukoga juu ya mawe, wakigeuka ubavu kila wanapong'ata. Hao ni Tropheus. Tulia dakika tano bila kupiga maji kwa miguu, watarudi hadi karibu na uso wako. Ukimwona mmoja koo limevimba na asiyekula kama wenzake, ni jike aliyebeba mayai au watoto mdomoni, na atakaa nao humo kwa wiki kadhaa. Usimfukuze. Kuhe anayeliwa mjini Kigoma ni ndugu wa hawa wadogo, na ndiye mkubwa kuliko wote wa jamii hiyo ziwani humu. Magamba matupu ya konokono yaliyolala mchangani yaache yalipo, kwa sababu kuna samaki wadogo wanaoishi na kutaga ndani yake. Mkate pia usiwarushie.

Miwani ya kuzamia njoo nayo. Unapoinunua, ibandike usoni bila kuvuta mkanda, vuta hewa kwa pua, achia mikono. Ikikaa, inakufaa, ikidondoka, iache hata kama ni bei ya kutupa. Chagua yenye kioo halisi na mpira laini wa silikoni; ya plastiki ngumu itavuja pembeni mwa pua. Mpya isugue ndani kwa dawa ya meno nyeupe, kwa sababu inatoka kiwandani na utando unaovuta ukungu. Kabla ya kuingia majini, tone moja la sabuni ya vyombo, sambaza kwa kidole, suuza mara moja tu. Ukisuuza sana, ukungu unarudi. Mwenye masharubu apake mafuta mazito ya mgando juu ya mdomo, mpira utashika.

Miguuni vaa viatu vya plastiki vyenye mkanda wa kisigino. Ndala zinaelea na kuondoka, na mawe yana utelezi. Mikono usiiingize kwenye nyufa za mawe: humo anaishi swila wa maji, nyoka mwenye sumu ambaye kwa kawaida hukimbia mtu, lakini hatavumilia kushikwa. Mamba wa ziwa hili hupenda midomo ya mito na matete, kama upande wa delta ya Luiche kusini ya Ujiji. Kwa hiyo usihamishie kuogelea kwako popote penye matete kwa sababu tu pako karibu zaidi na mji.

Kichocho kipo ziwani, na asikudanganye mtu kwamba maji maangavu hayana. Konokono wanaokibeba hustawi zaidi kwenye maji yaliyotulia, yenye majani, karibu na makazi ya watu, kwa hiyo mawe na mchanga wa Jakobsen vina nafuu kuliko fukwe za vijijini. Nafuu si usalama kamili. Vimelea hutoka kwa wingi jua likiwa kali, sababu nyingine ya kuogelea asubuhi, na vinapenya ngozi kwa dakika chache. Kujikausha kwa taulo husaidia kidogo sana. La kufanya ni kupima miezi miwili au mitatu baada ya safari. Kumeza prazikwanteli siku unayotoka majini hakutoshi, kwa kuwa dawa hiyo inaua minyoo waliokomaa na kuwaacha wachanga. Homa, mwasho na kikohozi wiki chache baadaye? Mweleze daktari kwamba uliogelea Tanganyika, maana akiwa Dar au Arusha huenda asiwazie.

Chakula nunua mjini kabla ya kushuka. Migebuka wa kukaanga na mihogo ya kuchemsha ndiyo shehena bora: haimwagiki, inalika kwa mkono, na ina ladha ya Kigoma. Migebuka wa mawese ni mtamu zaidi lakini mchuzi ule unachafua taulo na haufutiki. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na chupa mbili za maji zilizogandishwa usiku. Zinapoza chakula, kisha zinanyweka. Bila barafu, samaki aliwe ndani ya saa mbili. Maji ya kunywa lita 2 hadi 3 kwa mtu. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, hivyo ukija miezi hiyo uliza kwanza sokoni, na uwe tayari kwa kuku. Tumbili wanaijua mifuko. Ndoo ifungwe na usiiache peke yake. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo beba kikapu, na taka zako zirudi nazo mjini. Beba pia fedha taslimu za noti ndogo.

Kasoro mbili zinaupunguzia ufukwe huu alama. Mwisho wa wiki na sikukuu vighuba vinajaa, vibanda vinachukuliwa mapema, na samaki wanajificha kwa kelele. Pia ziwa limepanda katika miaka ya karibuni, na mchanga wa leo ni mwembamba kuliko wa kwenye picha za zamani. Hali ni ya kubana zaidi Aprili na Mei mvua zinapoisha, na mchanga unapanuka tena kuelekea Oktoba. Anayetaka ufukwe mpana wa kuchezea mpira hatauridhia.

Alama zetu: 4 kati ya 5 kwa siku ya kazi, asubuhi, Juni hadi Oktoba, miwani ya kuzamia ikiwa begini. Jumapili mchana, 2. Ukienda katika siku za giza la mwezi, toka mjini mapema zaidi na upite kwanza Katonga asubuhi, wakati mitumbwi ya dagaa inaporudi kutoka kuvua kwa taa; mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika, na utakuta nyavu zimeanikwa tu.