Photopea na maandishi ya kukatwa: nimeijaribu kwa tisheti za mashua ya ami

Kwa wale wanaoniuliza kila siku nimetumia programu gani kufanya yale maandishi yaliyokatwa kati kama yamepitishwa kisu, nusu ya juu imesogea nusu ya chini imebaki palepale, jibu ni Photopea, programu ya kuhariri picha, inafunguka kwa brauza, ni ya bure, na sijalipa hata ndururu. Naipa nyota nne na nusu. Hiyo nusu iliyopungua nitaisema huko chini, manake nyengine ni makosa yangu mwenyewe.

Kisa chenyewe. Ami yangu ana mashua, inaitwa Kasikazi, na walikuwa wanajitayarisha kwa mashindano hapa Lamu, akataka mabaharia wote wavae tisheti sare na bango moja la kubandika pale Mkunguni mbele ya Ngome. Sasa mi ndio mtu wa kompyuta wa familia, yaani ukimiliki laptopu tu basi ushakuwa fundi wa simu, wa printa, wa tivi na wa rimoti iliyoanguka majini. Laptopu yenyewe mtumba, ramu 4GB, feni inanguruma kuliko boti za Mokowe. Photoshop sina ubaya nayo, ipo tangu 1990 na hao wengine wote wameiga kwake, lakini siku hizi ni ya kulipia kila mwezi au kila mwaka na mi nalipwa bango moja moja, mwezi huu mawili mwezi ujao hakuna. GIMP nayo nimeitumia sana, ya bure, ya tangu miaka ya tisini, na ukishaiweka haitaki intaneti kabisa, lakini mkono wangu ulizoea vitufe vya Photoshop toka nikiwa nashinda saiba, na kujifunza upya kwa kazi ya haraka sikutaka.

Photopea imefuata vitufe vilevile na menyu zilezile karibu zote, hata faili la PSD, lile la Photoshop lenyewe, inalifungua na leya zake, yaani matabaka ya picha yaliyolaliana. Imejengwa na jamaa mmoja, Ivan Kutskir, ilitoka 2013, na kwa sehemu kubwa ameijenga peke yake. Mimi bango tu la mstari mmoja nimelala nalo siku tatu. Kitu nilichokipenda zaidi ni kwamba picha yako haiendi popote, haipandishwi kwa seva ya mtu, kazi yote inafanyika ndani ya kompyuta yako, kwa hivyo ukishaufungua ule ukurasa hata bando likiisha unaendelea kufanya kazi. Bando langu liliisha nikiwa katikati na sikugundua mpaka nilipotaka kwenda WhatsApp.

Haya, kukata kwenyewe. Wazo langu lilikuwa neno KASKAZI kwa herufi kubwa nene, likatwe mshazari kufuata mwinamo wa foromali ya mashua, ule mti unaoshika tanga, tanga likiwa limejaa, halafu nusu ya juu isogezwe mbele kama inasukumwa na upepo. Fonti nilichukua Anton, nene, imebanana. Usijaribu na fonti nyembamba wala zile za mikono-mikono, kata haionekani, inakuwa kama printa imekwama.

Unaandika neno, unalipiga kopi, sasa una leya mbili zilizolaliana. Unachukua laso ya kupiga pembe, ile unabonyeza hapa unabonyeza pale inavuta mstari ulionyooka, unaanzia nje ya neno upande wa kushoto chini kidogo ya katikati, unatokea upande wa kulia juu kidogo ya katikati, kisha unazunguka kwa juu mpaka unarudi ulipoanza. Leya ya juu unaiwekea maski, yaani kifuniko kinachoficha sehemu bila kuifuta, inabaki nusu ya juu tu. Ile kopi nyengine unaiwekea maski ileile lakini unaigeuza kwa Ctrl na I, inabaki nusu ya chini. Mpaka hapo ukiangalia huoni kitu, neno liko zima, na mtu anaweza kudhani hajafanya chochote. Sasa shika leya ya juu usogeze kwa mishale ya kibodi, mshale mmoja ni pikseli 1, ukishika Shift ni pikseli 10, na hapo ndo utaona neno linapasuka mbele ya macho yako, wallahi mara ya kwanza nilirudisha nikasogeza nikarudisha nikasogeza kama mtoto na swichi ya taa.

Angalia kitu kimoja kabla hujapiga laso. Juu pale kuna kisanduku cha kulainisha kingo, hakikisha ni 0. Mimi kilikuwa kimebaki na namba ya kazi nyengine, nikakata, kingo zikatoka na ukungu kama kioo cha saa moja asubuhi, nikalaumu laptopu, nikalaumu macho, kumbe kisanduku.

Kingine ni vitufe. Mkono uliozoea Photoshop unataka Ctrl na T ukibadilisha ukubwa wa kitu. Lakini hii iko ndani ya brauza, na brauza nayo ina maana yake ya Ctrl na T, kwa hivyo kila nikitaka kukuza neno nafunguliwa ukurasa mpya mtupu. Nilifungua kurasa kumi na kitu usiku ule. Kwa Photopea unaongeza Alt, yaani Ctrl na Alt na T. Na Ctrl na W usiiguse kabisa, hiyo ni ya kufunga ukurasa.

Kivuli sasa, manake bila kivuli kata inaonekana kama kosa la kuchapa. Unaweka leya mpya juu ya ile nusu ya chini, unaibana kwake ili rangi isitoke nje ya herufi, unachukua burashi laini nyeusi kubwa, unapitisha mara moja kando ya kata, burashi iwe nusu iko nje nusu iko ndani, halafu unapunguza uzito wa ile leya mpaka kiwe kivuli na sio masizi. Nusu ya juu inainuka kama karatasi iliyopandishwa juu ya nyengine. Ukipaka kivuli kwenye nusu zote mbili umeharibu, jicho halijui ipi iko juu. Mi kivuli ndio sehemu niliyokaa nayo muda mrefu kuliko zote, kukata ni dakika tano.

Basi nikamaliza, nikafurahi, nikampelekea ami kwa simu. Akanipigia badala ya kujibu.

"We kijana, hini ni nini? Mbona herufi zimevundika?"

Nikamweleza ami ndio mtindo, zimekatwa makusudi. Akanyamaza kidogo. "Haya, zimekatwa. Na jina la chombo changu nani kakwambia ni Kaskazi? Huna mato? Ndoo usome pale tezi, Kasikazi. Babako ndiye aliyeipaka ile rangi."

Herufi moja, I. Na mi nilikuwa nimeshaligeuza neno kuwa picha kabla ya kulikata, manake mafunzo mengi yanakwambia anza kwa kurasteraizi, na ukisharasteraizi yale si maandishi tena ni rangi tu, huwezi kuingiza herufi. Nikaanza upya kila kitu. Kata upya, maski upya, kivuli upya.

Na hapa ndipo nilipoipenda programu hii kwa kweli. Mara ya pili sikurasteraizi. Nilibonyeza leya ya maandishi kulia nikaligeuza kuwa smati objekti, fikiria umelifunga neno ndani ya bahasha, na unachokikata ni bahasha. Ndo nikaipiga kopi, nikaweka maski zangu. Ukitaka kubadilisha neno unabonyeza mara mbili kile kipicha cha leya, bahasha inafunguka pembeni, unaandika unachotaka, unasevu, ukirudi kwenye bango nusu zote mbili zimebadilika pamoja na kata iko palepale na kivuli kiko palepale. Nilipomaliza hio ya ami, vijana wa mashua nyengine kutoka Matondoni wakaiona na wao wakaitaka, mashua yao inaitwa Mpaji Mungu, nikafungua bahasha nikaandika MPAJI MUNGU nikasevu, sekunde thelathini. Ila jina lao refu, herufi za mwisho zikaliwa na ukingo wa bahasha ikawa MPAJI MUN, nikapunguza ukubwa wa herufi kidogo likaenea. Hela waliyotoa ni ileile ya bango zima na mi sikusema kitu.

Tisheti ndio zilizonifedhehesha. Kwanza kipimo. Jaribio la mwanzo nililifanya kwenye faili dogo la upana wa pikseli 800, nimesogeza 12 tu na kata inaonekana vizuri sana. Tisheti inataka upana wa sentimita 30 kwa pikseli 300 kwa inchi, hizo ni pikseli 3543, na pikseli 12 pale ni milimita 1, hata mshonaji haoni. Kwa kipimo hicho nimesogeza 60, Shift na mshale mara sita, inakuja kama milimita 5, unaiona mpaka ukiwa jahazini na mwenzako yuko ufukweni. Kwa hivyo weka kipimo cha kuchapa kwanza ndo ukate, usikate ndo ukuze.

Pili, kivuli. Nikatuma kazi kwa duka moja la kuchapisha, sitalitaja, lipo nje ya kisiwa, tisheti zinakuja na basi mpaka Mokowe halafu boti. Wakachapa kwa skrini, yaani wino unasukumwa kupita kwenye wavu, rangi moja. Sasa kivuli laini kwa rangi moja hakipo, ama wino upo ama haupo, ukitaka ulaini lazima kivunjwe kuwa vidoti. Wao hawakuuliza, hawakuvunja, wakapitisha, na kile kivuli changu cha kupendeza kikatoka utepe mweusi mnene kama mtu kabandika selotepu katikati ya jina la mashua. Tisheti kumi na mbili. Mabaharia walizivaa hivyohivyo, mmoja akaniuliza kama ile ndio mkanda.

Kwa hivyo bango lina kivuli, tisheti haina. Ya tisheti badala ya kivuli unaacha mwanya, yaani nusu ya juu unaisogeza pembeni na pia unaipandisha juu kidogo, kitambaa chenyewe kinaonekana kati na ndio kinakuwa kata. Halafu usafirishe PNG yenye mandhari tupu, sio JPG, JPG itakuja na kiboksi cheupe nyuma. Na ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa na zile kingo zako kali zinakuwa uji.

Kuna aliyeniomba nimfanyie hivihivi bango la Maulidi, kwa maandishi ya Kiarabu. Nilikataa. Sababu ya kwanza anaijua kila mtu wa Lamu, kuna majina hayakatwi. Sababu ya pili ni ya kazi tu, herufi za Kiarabu zimeshikana na nukta ziko juu na chini, ukisogeza nusu ya juu nukta zinahama na msomaji anasoma kitu chengine kabisa. Nikamfanyia la kawaida, kijani na dhahabu, akaridhika.

Ile nusu nyota sasa. Toleo la bure lina matangazo upande wa kulia, na kwa skrini ndogo kama yangu yale matangazo yanakula nafasi niliyokuwa naihitaji kwa leya. Kuna ya kulipia dola 5 kwa mwezi yanaondoka, mi nimeyavumilia. Kwa simu inafunguka lakini kupiga laso kwa kidole ni kujitesa, utakata jina la mtu pabaya. Na kwa vile kazi yote iko kwenye kompyuta yako, hakuna seva inayokutunzia, sevu PSD yako mapema na mara kwa mara. Stima ilikatika Langoni saa nne usiku, betri yangu ya mapambo tu, na kilichopona ni kile nilichokisevu.

Ami ameniambia nirudie tisheti, gharama nusu kwa nusu. Faili la mwanya nimeshalituma, safari hii nimeandika kwa herufi kubwa HAKUNA KIVULI na nimepiga simu mara mbili kuhakikisha. Zinakuja na basi la Alhamisi.