Nilivyotumia LinkedIn kutafuta kazi Arusha: bahasha ya kaki bado ipo

Mkataba wangu Moshi uliisha mwezi wa tatu, mvua zikianza na wageni wakipungua. Nilikuwa mtu wa rizavesheni kwenye kampuni ya kupandisha watu Kilimanjaro. Nikafanya tunachofanya wote: nikatoa kopi za vyeti, nikanunua bahasha za kaki kumi na tano, nikapanda gari kwenda Arusha kuzigawa, kuanzia maofisi ya karibu na Mnara wa Saa hadi Njiro. Nyingi ziliishia getini. "Acha hapa, bosi akija nitampa." Mlinzi mmoja bahasha za watu alikuwa ameziwekea chupa ya chai juu.

Jioni hiyo ndiyo nikakumbuka kwamba nina akaunti ya LinkedIn, ule mtandao wa kukutanisha watu wa kazi na waajiri. Mtandao wenyewe upo tangu 2003. Mimi nilijiunga nikiwa chuo, mwalimu alipotulazimisha, kisha nikautelekeza. Picha niliikata kwenye picha ya harusi, na ukiangalia vizuri mkono wa shangazi bado uko begani kwangu. Chini ya jina niliandika kwamba ni mhitimu mchapakazi anayetafuta fursa.

Mstari huo ndio ulionigharimu. Una nafasi ya herufi 220, na unakufuata kila jina lako linapotokea: kwenye utafutaji, kwenye maoni, kwenye ombi la urafiki. Nani anatafuta neno "mchapakazi"? Mwenye kampuni ya utalii anatafuta kazi na mahali. Nikaufuta, nikaweka rizavesheni, Kilimanjaro, mbuga za kaskazini. Huko chini kwenye uzoefu nikaacha kujisifu nikataja kazi zenyewe: kupanga safari za mlimani kwa njia ya Machame siku 7, Lemosho siku 8, kulipia vibali vya hifadhi, kumtafutia mgeni kitanda usiku ndege inapochelewa kutua uwanja wa KIA. Yote kwa Kiingereza, maana ndicho tunachoandikiana na mawakala wa nje.

Halafu nikaomba watu waniandikie mapendekezo. Meneja wangu wa zamani aliandika aya ndefu nzuri ambayo ingemfaa mtu yeyote. Dereva wetu mmoja aliandika sentensi mbili tu, kwamba nikiwa zamu hajawahi kufika geti la hifadhi akakuta kibali hakijalipiwa. Ukinihoji ningependa uisome hiyo.

Ile alama ya kwamba unatafuta kazi ina namna mbili. Unaweza kuionyesha kwa waajiri tu, au kwa kila mtu, picha yako ikazungushiwa rangi ya kijani. Kama bado uko kazini, hata hiyo ya waajiri tu uitumie kwa akili: LinkedIn wenyewe wanasema wanajitahidi kuwaficha watu wa kampuni yako, ila hawakuhakikishii. Na Arusha hii ya utalii kila mtu kafanya kazi na kila mtu. Mimi sikuwa na cha kuficha, nikaweka kijani. Wa kwanza kunifuata alikuwa mtu mwenye kazi ya hoteli Kanada, mshahara mnono, nitume tu hela ya vipimo vya afya. Kwa simu. Leo.

Niliomba kazi 23 kwa kile kitufe cha kuomba haraka. Nikajibiwa moja, ya kukataliwa. Nisingepoteza tena bando huko.

Kilichosaidia ni kufungua ukurasa wa kampuni moja ya hapa Arusha na kuangalia orodha ya wafanyakazi wake. Mkuu wao wa oparesheni tulisoma chuo kimoja, yeye miaka mingi mbele yangu. Nilikaa nusu saa nikiwaza nianzeje. Salamu za barua rasmi za Kiingereza? Shikamoo? Mwisho nikaandika, "Habari za kazi dada, mimi ni mdogo wako wa chuo," nikataja kwamba nimeona wanauza safari za Lemosho, na kwamba hiyo njia nimeipanga misimu mitatu. CV sikuambatanisha. Alijibu siku ya nne: nitumie kwenye barua pepe, mwezi wa tano tunachuja.

Kwenye usaili profaili yangu ilikuwa wazi mbele yake. Akauliza mbona CV inasema kazi ya kwanza niliacha 2019 na huku imeandikwa 2020. Jasho likanitoka. Nilikuwa nimeandika kwa kukisia, basi. Hakikisheni tarehe zinalingana kabla ya kutuma chochote.

Nilipata, mkataba wa msimu kuanzia Juni. Ila nisidanganye: mama mmoja wa jumuiya yetu anamfahamu yule dada, na najua alinisemea. Nani alifungua mlango, mama au profaili, siwezi kuapa. Ninavyoona, mama ndiye aliyelitaja jina, na walipolitafuta wakakuta mtu anayejua bei ya kibali.

Kulipia ile huduma ya juu ya LinkedIn sikulipia, na sikuona pengo, isipokuwa kwamba akaunti ya bure inakuonyesha wachache tu waliokutembelea. Inauma ukiwa huna kazi, wiki nzima unabaki kujiuliza nani kachungulia.

Siku ya kwanza kazini dada wa utumishi alinikaribisha vizuri, akanionyesha meza yangu, kisha akasema kesho nije na kopi za vyeti zilizogongwa muhuri wa mwanasheria. Kwenye bahasha ya kaki.