Tathmini ya karakana iliyotugeuzia kontena kuwa duka la dawa

Karakana ninayoizungumzia ipo Dar es Salaam, na kazi tuliyoipa ilikuwa kuligeuza kontena la futi 20 kuwa duka la dawa muhimu lenye kaunta, dirisha la kuhudumia wateja na stoo ndogo nyuma, kisha kulifikisha kwenye kiwanja chetu Mbagala. Duka limekwisha kupita masika na kiangazi, hivyo kazi yao imejipima yenyewe. Ufundi wao wa chuma ni wa hali ya juu kabisa, lakini katika suala la joto, ambalo kwa duka la dawa ndilo kubwa kuliko yote, walitupa pungufu ya kile tulicholipia.

Nianze na chuma, kwa kuwa hapo wanastahili sifa. Kontena hubeba mzigo kwa nguzo zake nne za pembeni, lakini mabati ya ubavuni, yenye unene wa takribani milimita 1.6 tu, ndiyo yanayolifanya lisiyumbe wala kupinda, na ndiyo maana fundi anayekata dirisha pana bila kurudishia nguvu iliyoondolewa huacha ubavu umelegea. Mafundi hawa walizungushia kila tundu fremu ya skwea paipu na kuichomelea mfululizo, siyo kwa kudonoa hapa na pale kama inavyofanyika mara nyingi mitaani, kisha wakapaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya ile ya mwisho. Kizingiti cha chini cha dirisha wamekiinamisha kidogo kuelekea nje, na mvua zote za masika hazikuingiza hata tone kupitia hapo.

Jambo jingine lililonipendeza ni uaminifu wao kuhusu sakafu. Sakafu ya kontena kwa kawaida ni plaiwudi ya milimita 28 ambayo mara nyingi huwa imetiwa dawa ya kuua wadudu, kwa sababu nchi zinazopokea mizigo hazitaki wadudu wa mbao wasafirishwe kutoka bandari moja hadi nyingine. Kabla hatujalipa chochote, fundi mkuu alitupeleka mlangoni akatusomea kile kibao cha chuma kinachoonyesha tarehe ya kutengenezwa kwa kontena na dawa iliyotumika kwenye mbao, akashauri plaiwudi yote ing'olewe. Iling'olewa, ikawekwa mpya, na juu yake likatandikwa zulia la plastiki linalofutika kwa urahisi.

Sasa nije kwenye joto. Boksi nyingi za dawa zimeandikwa kwamba zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, na chuma kinachopigwa na jua la Dar es Salaam mchana kutwa hakiwezi kutimiza sharti hilo bila kinga. Tulikubaliana kwamba kuta na paa vipuliziwe povu la poliurethani lenye unene wa sentimita 5. Kuta zilipuliziwa vizuri. Kwenye paa, hata hivyo, walipachika shuka nyembamba za polistaireni, yaani lile povu jeupe jepesi la kufungashia vifaa, na kuzifunika kwa dari, na sisi hatukuarifiwa. Matokeo yake kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi bila kupumzika, uniti za LUKU zinayeyuka, na bado kipimajoto cha stoo kilivuka nyuzi 30 kila ifikapo saa nane mchana.

Masika ilipoanza tukaona madhara mengine. Povu la kupuliza hushikamana na bati na kuziba kila mkunjo, lakini shuka huacha uwazi kati yake na chuma, na hewa yenye unyevu ikipenya humo na kukuta bati limepoa usiku, hugeuka maji. Asubuhi tulikuta matone kwenye dari, yamejipanga kwenye vichwa vya skrubu zilizogusa chuma, na boksi za rafu ya juu zimelowa kingo.

Walipoitwa walikuja bila ubishi, wakafumua dari, wakapuliza povu, na juu ya kontena wakaongeza paa la pili la bati lililoinuliwa ili hewa ipite katikati. Gharama ya povu waliibeba wao, ya paa la pili tuliibeba sisi. Tangu hapo kiyoyozi kinapoza na kuzima chenyewe, na dari ni kavu.

Umeme waliufanya kwa uangalifu: kila waya unapopita kwenye bati umevishwa mpira ili usikatwe na kingo, na ganda lote limeunganishwa na erthi, jambo la lazima katika jengo la chuma.

Tumewapa kazi ya pili. Safari hii tumechagua kontena refu zaidi kwa kimo, lenye urefu wa karibu mita 2.9 kwa nje, maana la kawaida lina mita 2.39 tu ndani na likishavishwa povu na dari huwa linabana. Unene wa povu la paa umeandikwa kwenye mkataba, tutaukagua kabla ya dari kufungwa, na sehemu ya mwisho ya malipo itatolewa baada ya kipimajoto kusomwa saa nane mchana, siku ya jua kali.